Pesa Zilizopanda Mgeta

Siku waliyotupunguza kazi nilikuwa nimeshika suruali ya sare ya shule, mguu mmoja nimeushona na mwingine bado. Msimamizi akapita katikati ya mashine akisema tuzime, twende bwaloni. Huko tukasomewa majina kwa mpangilio wa alfabeti kama watoto wa darasa la kwanza, na mimi Felista, niliyeshona pale miaka ishirini na mitatu, nikasikia jina langu likisomwa na kijana aliyeajiriwa mwaka uliotangulia. Tuliambiwa tusirudi kwenye mashine. Mpaka leo sijui nani aliumaliza ule mguu wa pili.

Kiinua mgongo walitulipa, siwezi kuwasingizia. Milioni kumi na nne ziliingia kwenye akaunti ambayo mshahara ulikuwa ukipitia. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na pensheni ningeanza kuipata nikifika hamsini na tano. Kwa hiyo pesa zile zilikuwa na kazi moja tu: kunivusha miaka mitatu. Nikila laki tatu na nusu kwa mwezi, ninanunua chakula, umeme, maji na dawa za presha, na kidogo kinabaki cha kuugulia. Nikila zaidi, sifiki. Hakuna ambaye angeniajiri tena, maana siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano mpaka nivae miwani.

Kila aliyenitembelea pale kwangu Kihonda alikuja na biashara mkononi: nifuge kuku, ninunue bodaboda, nifungue genge. Wala sikuwa nimemwuliza mtu habari za biashara. Swali langu lilikuwa dogo zaidi, na gumu zaidi: pesa nizikalishe wapi wakati ninazila?

Hapa lazima nijiseme mwenyewe. Mdomo ninao. Nagomba sokoni, nagomba na wapangaji wenzangu kuhusu zamu ya kufagia, na kwa kunitazama utasema huyu ana mkono wa birika. Uongo mtupu. Mtu akinililia dakika kumi, pochi imefunguka. Kadi za michango ya harusi hunifikia hata za watu nisiowajua, kwa kuwa wanajua sitairudisha kadi bila kitu. Godfrey, mwanangu wa pekee aliyeko Dar, alipiga simu siku ya tatu baada ya malipo. Akaniamkia vizuri, akauliza presha, akauliza mvua, kisha akaanza habari za duka la spea za pikipiki. Nilimwambia pesa bado hazijatoka. Nilipokata simu niliizima kabisa, maana nilijijua: akipiga mara tatu zaidi, nitampa.

Zuleha akanipeleka benki. Zuleha na mimi tumekaa mashine zetu zikigusana miaka kumi na mitano. Anajua hata ninavyokoroma usingizi wa mchana. Yeye zake alishazifungia kwa mwaka mzima, akakaa anakula mshahara wa mumewe. Mimi sina mume. Binti wa benki akanieleza kwa upole kwamba zikifungwa siwezi kuzigusa, na kama nataka za kula kila mwezi, niziache kwenye akaunti ya kawaida. "Kadi si unayo, mama?" akaniuliza. Kadi ndiyo niliyokuwa naiogopa. Kadi haijui kusema mwenye pesa hayupo.

Kikoba nacho nilikifikiria. Wanachama ishirini na watano, wote wakopaji. Pesa zangu zingesomesha watoto wa mtaa mzima halafu mimi nianze kuzifukuzia. Kuzilalia ndani kwangu pia niliona si kustaafu, ni kuanza kazi ya ulinzi. Nilichotaka ni mahali ambapo mtu akiniuliza nimjibu sina, na nisiwe nimesema uongo.

Kwetu sisi Waluguru mahali hapo pana jina. Panaitwa mjomba.

Kwetu mtoto ni wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, akalima kwao, akajenga kwao, akapendwa, lakini pale alipo ni mgeni. Mali yake hairithiwi na wanawe, inarithiwa na watoto wa dada yake. Na dada akiwa na jambo la kulindwa, kaka yake, yaani mjomba wa watoto wake, ndiye mlinzi. Mjini watu wengi wameshaziacha taratibu hizo, wanaandika wosia kama wapendavyo. Lakini mimi sikuzipata vitabuni, niliziona. Nilikuwa na miaka kumi na mitano mama alipofariki, huko Mgeta milimani. Matanga yalipokwisha, baba yetu, aliyelima shamba lile miaka kumi na minane, alikabidhiwa jembe lake na godoro lake, akarudi kwao ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyeinua sauti. Mdogo wangu Raphael, wa miaka kumi na mmoja, alimbebea godoro kichwani, mimi nikabeba sufuria. Shamba likabaki kwetu, yaani kwangu, kwa kuwa mama hakuzaa binti mwingine. Nilipokuja mjini kushona nikamwachia Raphael alilime. Hata alipooa kijiji cha pili, akahamia kwa akina Esther mkewe, shamba la mama aliendelea kulilima yeye, na sikuwahi kumdai hata karoti.

Basi nikampigia simu. Alishuka na lori la mboga, amevaa koti lake la kanisani, akaketi ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nina mzigo nataka unibebee."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema wakulima wa mboga kule kwao wana chama cha akiba, ataziweka huko kwa jina lake, hakuna atakayejua ni zangu, na kila mwisho wa mwezi Halidi, dereva wa lile lori la mboga, atanishushia laki tatu na nusu anapopita na mzigo kwenda Dar. Kwa simu sikutaka. Pesa ikiingia kwenye simu yangu Godfrey huinusa, sijui vipi.

Zuleha alikuwepo. "Jamani, si mwandikishiane?" alisema. "Hata kikaratasi cha daftari. Mimi ni shahidi."

Nilimjibu vibaya, na leo namwomba radhi kila nikikumbuka. Nilimwambia, "Zuleha, kwetu mjomba haandikishwi."

"Akitaka niandike, naandika," alisema Raphael. Alikuwa ameshaichukua kalamu mezani. Niliona aibu kwa ajili yake, mwanamume mzima kusainishwa na dada yake kama kibarua, nikamnyang'anya ile kalamu, nikairudisha kwenye kikombe. Tukaenda wote benki, nikamhamishia zote. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu, mwepesi, nikatamani Godfrey apige simu nimwambie sina.

Miezi saba sikuwa na la kulalamika. Kila mwisho wa mwezi Halidi alipaki lori barabarani, akanipigia honi, akanikabidhi kikapu. Juu njegere mbichi, za shamba la mama, zile tamu ambazo unaweza kuzila bila kupika. Chini, ndani ya mfuko wa nailoni, laki tatu na nusu. Msimu wa matunda Raphael aliniwekea na plamu. Nilikaa kizingitini nikimenya njegere na kujiona mtu mwenye akili kuliko wafanyakazi wote waliopunguzwa. Mmoja wetu bodaboda yake ilikuwa imeshaibiwa. Mwingine kuku wake wote walikufa kwa mdondo. Nami nilikuwa na kaka. Zuleha nilimtania wazi, nikamwambia benki yake haijawahi kumletea plamu.

Mwezi wa nane zikaja laki na nusu, na ujumbe kwamba karoti zimeshuka bei, nivumilie. Nilishangaa kidogo. Bei ya karoti na pesa zangu zilizoko kwenye chama zinahusiana nini? Lakini nilijijibu mwenyewe kwamba pengine amekwama, amechukua kidogo, atarudisha. Na kama ni kukwama, nani asiyekwama. Mwezi wa tisa zikaja njegere peke yake. Nilizimwaga zote kwenye beseni, nikapapasa kikapu chote mpaka kwenye mishono.

"Halidi, hakukupa kitu kingine?"

"Hamna, dada. Kanipa kikapu tu." Kisha akatabasamu. "Ila hongera zenu jamani. Ile nyumba ya Raphael imependeza, mabati ya bluu unayaona toka barabarani. Simenti yote nimempandishia mimi na gari hili. Karoti mwaka huu zimewalipa kweli."

Alikuwa akinipongeza kwa moyo wake wote. Nilishukuru, nikachukua kikapu, nikaingia ndani, nikakaa. Karoti zimeshuka bei, karoti zimewalipa. Moja kati ya hayo mawili nilikuwa nimeambiwa na mdogo wangu.

Asubuhi Halidi alipokuwa akirudi Mgeta na gari tupu nilikuwa nimeshasimama barabarani na mkoba. Alinikalisha mbele. Kuanzia Mzumbe barabara inapopinda na kuanza kupanda nilikuwa nimeukumbatia mkoba. Nilikuwa najiambia kwamba mtu anaweza kujenga kwa pesa zake. Nilijiambia hivyo kila kona. Kisha tukatokeza kwenye mteremko wa upande wa akina Esther, na yale mabati ya bluu yakaonekana katikati ya nyumba za bati lililoliwa na kutu. Yalikuwa mengi. Karoti za Raphael nazijua, nimekulia kwenye shamba lile, na tangu dunia iumbwe halijawahi kutoa mabati kama yale.

Nikashuka njia ya miguu, magoti yakinilalamikia. Esther alikuwa uani akianika maharage. Aliponiona alijifuta mikono, akapiga goti.

"Shikamoo wifi. Mbona hukusema unakuja, tungekupikia."

"Marahaba. Nimekuja kuona nyumba."

Akafurahi, masikini. Akanipitisha: sebule, sakafu ya tailizi zinazong'aa, jiko la ndani, madirisha ya vioo. Akanichemshia chai, akaniletea magimbi. Alikuwa akinieleza kwa fahari jinsi Raphael alivyohangaika, na mimi nilikuwa nakanyaga tailizi moja moja nikijiuliza hii ni mwezi gani wangu. Hii ni Machi. Ile pale ni dawa zangu za presha.

Raphael akatoka shambani, miguu imejaa tope la mferejini. Alinikuta nimekaa. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pesa zangu ziko wapi?"

Alitoka nje, akanawa miguu taratibu, mmoja, kisha mwingine, akavaa kandambili, akarudi. "Njoo nikuoneshe," alisema.

Akanipeleka mwisho wa ukumbi, akafungua mlango. Kilikuwa chumba kidogo, kimepigwa chokaa, pazia la waridi, kitanda cha mninga, godoro jipya bado limo ndani ya nailoni yake. Akafungua dirisha. Ng'ambo ya bonde niliona shamba la mama, kijani kitupu, na mfereji ukipita juu yake.

"Hiki ni chako," Raphael alisema. "Nilikijenga kabla ya chetu, muulize Esther. Dada, hazijaliwa. Kule kwenye chama watu walikuwa wanakopa hawarudishi, nikaogopa. Nikasema pesa ni kitu cha kuisha. Ungekula miaka mitatu zikaisha, ukabaki huna kitu. Ukuta hauishi. Nani atakukopa ukuta? Hama mjini, uje ukae hapa, utakula kwangu, ukiugua nitakuuguza."

Sitasema uongo. Nilikaa kwenye kitanda kile, nikalitazama shamba, na kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai nilitaka kumwamini. Nilikuwa nimechoka na Kihonda, nimechoka kusema sina. Na alikuwa amenichagulia upande wenye dirisha la kuona kwetu. Mtu asiyenipenda asingewaza hilo. Hapo ndipo palinichoma zaidi, kwamba ananipenda na amenifanyia hivi.

"Raphael," nilisema. "Godoro la baba ulilibeba wewe."

"Nililibeba."

"Esther akitangulia, Mungu apishie mbali, la kwangu hili atalibeba nani?"

Alijua vizuri kuliko mimi. Nyumba ile ilikuwa juu ya ardhi ya ukoo wa Esther. Siku Esther akifa, Raphael anashika jembe lake kama baba, na mimi, dada wa mgeni, ninashika nini? Angeweza kujenga shambani kwa mama, ardhi yetu, ambapo hakuna wa kututoa. Mchanga ni ule ule, simenti ni ile ile, na lori la Halidi linapita huko huko. Alivuka bonde akaenda kuzijenga pesa zangu kwa watu.

"Kwa nini hukujenga kwa mama?" nikamwuliza.

Alikaa chini, mgongo ukutani. Alipozungumza hakunitazama. "Kwa mama watarithi watoto wako. Atarithi Godfrey, ambaye hata njia ya kufika huku haijui. Mimi nina watoto wanne, dada. Nimewalea, nimewauguza, na nikifa sina hata jiwe la kuwaachia. Hapa mimi nitatoka, sawa, lakini wao watabaki. Ni kwa mama yao. Watakaa ndani ya nyumba wakisema hii alijenga baba." Akapapasa sakafu kwa kiganja. "Na siku hiyo ikifika, labda mmoja wao atasema baba asibebe godoro, akae."

"Kwa pesa zangu."

"Kwa pesa zako."

Nilikuwa nimeshamwekea maneno ya kila namna njiani, mwizi, Yuda, mnafiki. Hakuna hata moja lililotoka.

Esther alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu. "Mimi uliniambia ni za karoti," alimwambia mumewe. Aliweka kikombe sakafuni akaenda zake uani, nikasikia akiyageuza maharage ambayo alikuwa ameshayageuza.

Alasiri akaja Mzee Yohana, mjomba wake Esther, kumsalimia mgeni kama ilivyo ada. Nilimwamkia, na kwa kuwa sikuwa na cha kuficha nikamweleza mbele ya Raphael, nikasema nataka nyumba iuzwe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliniita mwanangu.

"Mwanangu, nyumba unaweza kuidai, na mimi nitasema kweli ni yako. Ardhi huwezi kuidai. Sasa nionyeshe jinsi ya kuitoa nyumba juu ya ardhi uondoke nayo. Sisi hatumwuzii mtu wa lukolo nyingine, wa ukoo mwingine, na wa lukolo hii hana haja ya kununua, apewe tu. Kwenu si ni vivyo hivyo?"

"Ni vivyo hivyo," nilisema.

Hakuwa na ubaya wowote. Alisikitika, nikaona. Alipoondoka akamwambia mpwa wake aniwekee njegere za kwenda nazo, na Esther akasema zitakuwa za shambani kwa wifi mwenyewe.

Gari la kushuka halikuwepo, nikalala chumba kile. Sikuitoa nailoni ya godoro. Kila nilipogeuka ilipiga kelele.

Asubuhi nilivuka bonde kwenda shambani kwa mama. Raphael alikuwa ameshafika, anafungulia maji kwenye matuta. Njegere zilikuwa zimetoa maua meupe. Nilisimama ukingoni nikamwambia, bila kugomba, kwamba kuanzia siku ile shamba nimelichukua.

Aliinua jembe, akaliegemea. "Utalima kwa magoti hayo?"

"Nitakodisha. Kuna watu wa mjini wanatafuta mashamba yenye maji. Halidi anawajua."

"Na mimi nitakula nini? Watoto?"

"Hilo swali mimi nimeishi nalo miezi miwili."

Maji yaliendelea kuingia tuta moja mpaka likafurika, naye hakuyaziba. Alikuwa akinitazama kama aliyeniona kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba shamba ni langu. Hata mimi, kusema kweli, sikuwahi. Lilikuwa la mama, na sisi wote wawili tulikuwa wa mama.

"Nitakodi mimi," alisema mwishowe.

"Kwa bei anayolipa mgeni."

"Kwa bei anayolipa mgeni," alirudia.

Tukapatana laki mbili kwa mwezi. Hazinitoshi, lakini nikishona viraka vya majirani na kupunguza nyama, miaka miwili na ushee iliyobaki nitaivuka nikiwa hai. Tukaenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akasoma karatasi, akatutazama mmoja mmoja. "Ninyi si tumbo moja?" akauliza. Nilimwambia ndiyo, agonge tu muhuri. Raphael aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akaisogeza kalamu kwangu juu ya meza bila kuinua macho. Ile kalamu ya kwanza, ya Kihonda, nilimnyang'anya mwenyewe. Hii niliisubiri mpaka akamaliza.

Sasa pesa ninaziweka benki. Kadi nimemwachia Zuleha, na nambari ya siri ninayo mimi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzitoa bila mwenzake. Godfrey akinipigia namwambia kadi sina, na si uongo. Fomu ya benki iliuliza jina la ndugu wa karibu wa kutafutwa nikipata tatizo. Binti akasubiri, kalamu mkononi. Nilimtajia Zuleha. Akauliza tuna undugu gani, nikamwambia tulishona pamoja.

Raphael analipa. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mwisho wa mwezi honi inalia, natoka, Halidi ananikabidhi bahasha iliyogundishwa, juu yake pameandikwa jina langu na neno kodi. Mwezi wa kwanza nilimwuliza kama hakuna kikapu, akasema hakupewa. Nikajiambia labda njegere bado hazijakomaa, ingawa maua nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Mwezi wa pili sikuuliza. Nilisimama tu kidogo karibu na mlango wa gari baada ya kupokea bahasha, mpaka Halidi akasema, "Ni hiyo tu, dada."

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko kuu nikanunua fungu la njegere. Muuzaji akanihakikishia ni mbichi, zimeshuka jana kutoka Mgeta. Nilizimenya kizingitini. Nikaweka moja mdomoni, nikaitafuna bila kuipika, nikitaka kujua kama ni za shamba la mama. Zilikuwa tamu. Za Mgeta zote ni tamu, sikuweza kujua.